Kabla hujampa mgonjwa shubiri, mwambie daktari wake

Shangazi yangu alikuwa kwenye wiki ya tatu ya tiba ya mionzi ya nyonga alipoanza kuharisha. Tulikuwa tumeambiwa mapema kwamba ingetokea. Mionzi ya saratani ya mlango wa kizazi hupita karibu na utumbo, na utando wa ndani wa utumbo huumia upesi kwa sababu chembe zake hujizalisha upya kila baada ya siku chache. Tibakemikali nayo hushambulia chembe zinazogawanyika haraka bila kuchagua: za saratani, za nywele, za mdomo na za tumbo. Ndiyo maana mtoto anayetibiwa saratani ya damu anaweza kuwa na vidonda mdomoni huku tumbo nalo likimsumbua.

Lakini kwa shangazi hali ilizidi. Dawa ya kuzuia kuharisha aliyoandikiwa haikufua dafu, akalazwa, akatundikiwa dripu. Muuguzi mmoja aliyekuwa akifagia macho chini ya kitanda ndiye aliyeiona chupa ya maji ya kijani.

“Mama, si tulikuuliza kama unatumia dawa za kienyeji?”

“Hiyo siyo dawa, mwanangu. Ni shubiri tu.”

Jirani alikuwa amemwambia kwamba shubiri hupoza tumbo na kulinda utumbo usiunguzwe na mionzi. Kumbe utomvu wa njano ulio chini ya ganda la jani lake ni dawa kali ya kuharisha. Alikuwa anaongeza maji kwenye mtungi uliokwisha kufurika, siku hadi siku, kwa nia njema kabisa.

Sitamlaumu shangazi, na hata jirani simlaumu sana. Naona kosa kubwa lilikuwa kwenye swali. Ukimuuliza mgonjwa kwa sauti ya askari kama anatumia “dawa za kienyeji”, atasema hapana, iwe kwa woga au kwa sababu kwake asali, manjano, mlonge na shubiri ni vyakula. Kliniki za saratani zingeuliza hivi: nyumbani unakunywa nini, unalamba nini, nani amekuletea nini? Mgonjwa angemwaga kila kitu.

Tena si kwamba vitu hivi vyote ni bure. Asali imepimwa vizuri. Mwongozo wa kimataifa wa wataalamu wa huduma kwa wagonjwa wa saratani, uliotolewa mwaka 2020, unaitaja kama njia inayoweza kusaidia kuzuia vidonda vya mdomoni kwa wanaopata mionzi ya kichwa na shingo. Angalia mipaka yake, hata hivyo: ni mdomo, si utumbo, na ni kwa wagonjwa hao. Mtoto aliye chini ya mwaka 1 hapewi asali kabisa, awe na saratani au asiwe nayo. Kuna pia bakteria wazuri wa jamii ya laktobasili, ambao wataalamu hao wanasema huweza kupunguza kuharisha kwa wanaopigwa mionzi ya nyonga. Wengi wakisikia hivyo hukimbilia mtindi wa mtaani. Mtindi wa maziwa yasiyochemshwa, kwa mtu ambaye chembe zake nyeupe za damu zimeshuka, ni hatari, na hata vidonge vya bakteria hao havifai kwa kila mgonjwa.

Manjano ndiyo yanayonipa taabu zaidi, maana kila wiki kuna mtu anayeniuliza. Kiini chake, kurkumini, kimeonyesha dalili nzuri kwa wanyama wa maabara, lakini mwili wa binadamu hukifyonza kidogo sana. Yapo pia majaribio ya maabara ambako kilipunguza makali ya baadhi ya dawa za saratani ya matiti. Bizari kwenye mchuzi haina neno. Vijiko vya unga wake kila asubuhi, au vidonge vilivyokolezwa, ni jambo jingine. Vivyo hivyo kwa unga wa vitamini wenye foliki asidi: watoto wengi wenye saratani ya damu hutumia methotreksati, dawa inayofanya kazi kwa kuinyima chembe hiyo hiyo foliki. Mzazi anadhani anamjenga mtoto, kumbe anaweza kuwa anaivuta dawa nyuma.

Wapo wanaosema cha asili hakidhuru. Basi watazame vinkristini, inayotibu watoto wenye saratani ya damu na ile ya Burkitt. Imetoka kwenye ua dogo la rangi ya waridi lenye asili ya Madagaska, ambalo wengi tumelipanda mbele ya nyumba. Dozi yake kwa kawaida haizidi miligramu 2, na bado huwafungia watoto choo na kuwatia ganzi vidoleni.

Kwa hiyo ninachoomba ni kidogo. Usiifiche chupa. Iweke kwenye kikapu, nenda nayo kliniki, iweke mezani kwa daktari au mfamasia, hata akikunja uso. Mgonjwa akiharisha, hesabu mara ngapi kwa siku na uandike, kisha mpe maji ya ORS kidogo kidogo wakati unatafuta usafiri au unapiga simu wodini. Na joto likifika nyuzi 38, usianze na Panadol ili lishuke, wala usisubiri siku ya kliniki. Utumbo uliochubuka huruhusu bakteria kuingia kwenye damu wakati mwili hauna askari wa kutosha. Mpeleke hospitali usiku huo huo, na ukifika mapokezi, neno la kwanza liwe kwamba mgonjwa yuko kwenye matibabu ya saratani.