Mtoto Anayechora Ukutani

Baba mmoja wa jamaa ametuandikia barua ambayo tumeisoma zaidi ya mara moja. Mwanawe wa tatu, kijana wa miaka 14, ameujaza ukuta wa jikoni picha za makaa. Mwanzoni zilikuwa picha za mbuzi, kuku na pikipiki ya jirani. Lakini tangu Jumatano ya Majivu kijana huyo alianza kuchora Njia ya Msalaba, kituo baada ya kituo, kila jioni baada ya kuteka maji. Alipofika kituo cha 11, Yesu anapopigiliwa misumari, baba alishindwa kuvumilia. Akamnyang'anya makaa, akamwamuru kuupaka ukuta chokaa. Mama akakataza ukuta usiguswe. Tangu siku ile kijana hasemi neno wakati wa chakula. Basi baba atuuliza maswali mawili: kazi ya kuchora itamlisha nani? Na je, alikosa alipomnyang'anya mtoto makaa yake?

Hatutamcheka baba huyu. Mwenye kulea watoto sita ana haki ya kuuliza kila kazi italeta nini chunguni. Tena ameuliza kwa unyofu, wala hakuficha hasira yake. Nasi tutamjibu kwa unyofu uleule. Lakini kabla ya kumjibu, twataka kumpeleka kwa mtu mmoja aliyeshika brashi maisha yake yote, ambaye Kanisa limemweka kuwa msimamizi wa wachoraji.

Mtu huyo alizaliwa katika bonde la Mugello, karibu na mji wa Firenze katika Italia, kuelekea mwisho wa karne ya 14. Jina lake lilikuwa Guido di Pietro. Mwaka 1417 alikuwa bado mlei, na tayari alijulikana mjini kuwa mchoraji. Twalitaja jambo hili kwanza, kwa sababu wengi hudhani kwamba mchoraji mtakatifu huteremshiwa picha zake kutoka mbinguni kama mvua. Sivyo. Wachoraji wa zamani zile walijifunza kwanza kazi ya mikono: kusaga rangi, kulainisha mbao, kukoroga rangi pamoja na kiini cha yai, kubandika dhahabu iliyofuliwa hata ikawa nyembamba kuliko karatasi. Guido alikuwa fundi kabla hajawa mtawa.

Kisha akaingia katika shirika la Mtakatifu Dominiko, katika nyumba ya Fiesole, juu ya kilima kinachoutazama mji wa Firenze. Huko akaitwa Fra Giovanni, maana yake Ndugu Yohane. Benedetto, ndugu yake wa damu, alivaa kanzu ileile, naye akawa mwandishi wa vitabu, maana wakati ule vitabu viliandikwa kwa mkono. Baadaye watu wakamwita mchoraji huyo Fra Angelico, yaani ndugu aliye kama malaika.

Angalieni walivyofanya wakubwa wake. Kazi ya Wadominiko ni kuhubiri. Wangaliweza kumwambia atupe brashi na kushika kitabu tu. Hawakusema hivyo. Waliona kwamba mkono wake nao wahubiri, wakamwacha ahubiri kwa rangi. Wala hawakuona aibu kwamba kazi hiyo ina malipo. Mwaka 1433 chama cha mafundi na wauzaji wa kitani cha Firenze kilimwagiza picha kubwa ya Bikira Maria. Mkataba ulitaja bei ya florini 190 za dhahabu, au pungufu ya hapo, kadiri dhamiri yake mwenyewe itakavyoona kuwa ni haki. Hebu fikirini: wafanyabiashara, watu wanaojua kuhesabu, walimwachia mchoraji apime bei kwa dhamiri yake! Kwa hiyo, baba mpendwa, kazi ya kuchora yaweza kuleta chakula. Lakini haikumpatia Fra Angelico riziki kwa sababu alichora watakatifu. Ilimpatia kwa sababu kazi yake ilikuwa njema na neno lake lilikuwa la kweli.

Mwaka 1436 Papa Eugenio IV aliwapa Wadominiko wa Fiesole nyumba ya San Marco, ndani ya Firenze yenyewe. Nyumba ilikuwa imechakaa. Tajiri Cosimo de' Medici akatoa fedha za kuijenga upya, na Fra Angelico pamoja na wasaidizi wake wakapewa kuta zake. Ndiyo, kuta! Baba, mtu huyu naye alichora ukutani.

Yafaa tueleze kidogo jinsi kazi hiyo inavyofanyika, maana ina mafundisho ndani yake. Fundi hukandika ukuta kwa chokaa mbichi iliyochanganywa na mchanga laini. Kabla haijakauka, hupaka juu yake rangi iliyokorogwa kwa maji matupu. Chokaa inapokauka hugeuka kuwa kama jiwe, nayo huishika rangi ndani yake, hata haifutiki kwa kupanguswa. Kwa hiyo fundi hukandika kila asubuhi sehemu anayoweza kuimaliza siku ileile, wala hazidishi. Asipoimaliza, hana budi kuikwangua na kuanza tena. Akikosea, ni vigumu sana kusahihisha. Kazi ya namna hiyo haimfai mvivu, wala mwenye pupa. Yamtaka mtu ajue moyoni atakalochora kabla hajagusa ukuta.

Katika vyumba vile, zaidi ya 40, kila mtawa aliwekewa picha moja ya kumsaidia kusali. Hakuna dhahabu nyingi humo, wala mapambo ya kuburudisha macho. Katika vyumba vya wanovisi, vijana waliokuwa wakianza utawa, kuna Yesu msalabani na Mtakatifu Dominiko chini yake. Hapa amepiga magoti, kule amekunjua mikono au ameinama, ili kijana ajifunze kusali kwa kumtazama baba yake. Katika chumba kingine Yesu amefungwa kitambaa machoni. Wanaompiga hawaonekani miili yao, bali mikono tu hewani, na kichwa kimoja kinachotema mate. Chini ameketi Bikira Maria akiwaza, naye Dominiko anasoma kitabu kimya. Mtu akiitazama picha hiyo hujiuliza mkono wake mwenyewe uko upande gani.

Na mwisho wa ngazi, mahali watawa wote walipopita, amechora Malaika Gabrieli akimpasha Maria habari. Chini yake yameandikwa maneno ya kumkumbusha apitaye asisahau kumwamkia Bikira kwa Salamu Maria. Hapo twajifunza picha takatifu ni ya nini. Katika nyumba nyingi za Wakristo wetu picha ya Moyo Mtakatifu imetundikwa kando ya kalenda ya duka, ina vumbi, wala hakuna anayeitazama. Picha hiyo imekuwa pambo. Yule kijana aliyechora vituo 11 kwa makaa ameutazama Msalaba siku nyingi kuliko wengi wetu.

Giorgio Vasari, aliyeandika maisha ya wachoraji na kukitoa kitabu chake mwaka 1550, asimulia kwamba Fra Angelico hakushika brashi bila kusali kwanza, na kwamba machozi yalimtoka kila alipomchora Yesu msalabani. Vasari hakumwona kwa macho, maana Fra Angelico alikwisha kufa huko Roma tarehe 18 Februari 1455. Twayapokea maneno yake kama masimulizi. Lakini atazamaye kuta za San Marco haoni ugumu kuyasadiki. Mwaka 1982 Papa Yohane Paulo II aliruhusu aheshimiwe kama Mwenye Heri, na mwaka 1984 akamweka kuwa msimamizi wa wachoraji na wasanii.

Hata hivyo, tusikosee. Sala haikushika brashi mahali pake. Wako Wakristo waletao kanisani kitambaa cha altare kilichoshonwa ovyo na kusema, «Mungu hutazama moyo.» Ni kweli hutazama moyo, lakini moyo mvivu hujionyesha katika mshono uliolegea. Tuchukue mfano wa rozari. Wapo akina mama wanaozitunga kwa zile mbegu ngumu za kijivu zinazoota penye maji, zenye tundu la asili. Mbegu zinazotakiwa ni 59: 53 za Salamu Maria, na 6 za Baba Yetu. Fumbo moja likiwa na mbegu 9 badala ya 10, mzee asiyeona vizuri atapotea katika sala yake kwa kosa la mtungaji. Kumbe kuhesabu sawasawa nako ni upendo kwa jirani.

Labda baba atasema: hayo ni mambo ya Ulaya, sisi tu watu wa Kongo. Basi ajue kwamba kazi hii ina mizizi mirefu katika nchi yetu. Mfalme Nzinga a Nkuwu wa ufalme wa Kongo alibatizwa mwaka 1491, na mwanawe Afonso akaieneza imani kwa juhudi. Tangu nyakati hizo mafundi wa Kongo walisubu misalaba ya shaba. Walianza kwa kufuata ile iliyoletwa na Wareno, lakini baadaye uso wa Yesu ukawa uso wa mtu wa kwetu, na pembeni mwa msalaba wakaweka watu wadogo waliounganisha mikono wakisali. Machifu waliirithishana misalaba hiyo kama alama ya mamlaka. Majina ya mafundi wale hayakuandikwa, ila kazi yao ingalipo, nayo yaheshimiwa katika majumba makubwa ya makumbusho.

Tena mwaka 1943 Bruda Marc-Stanislas, wa Ndugu wa Shule za Kikristo, alianzisha huko Gombe-Matadi shule ya sanaa iliyoitwa Mtakatifu Luka. Mwaka 1949 ikahamia Léopoldville, mji uitwao leo Kinshasa, na mwaka 1957 ikawa Akademia ya Sanaa, ambayo hata leo yafundisha vijana kuchora na kuchonga. Nao Mtaguso wa Vatikano wa Pili, mwaka 1963, ulitangaza kwamba sanaa ya kila taifa na kila nchi ina nafasi huru katika Kanisa, maadamu yaitumikia nyumba ya Mungu kwa heshima ipasayo. Basi kijana wako hafanyi jambo geni.

Sasa twayajibu maswali yako waziwazi. Je, kazi hii itamlisha? Hatuwezi kukuahidi. Wengi wachorao utotoni huacha wakiwa watu wazima, na wengine huchora maisha yao yote bila kupata mali. Kwa hiyo asiache shule. Lakini umtafutie fundi amfundishe katika likizo: seremala, mchongaji, au yule achoraye vibao vya maduka. Huko atajifunza kupima, kusafisha brashi, kumaliza kazi aliyoianza, na kutaja bei isiyomwumiza mteja. Akiwa na kipaji kweli, fundi atakuambia. Asipokuwa nacho, atakuwa amejifunza kazi njema, wala hutapata hasara.

Na je, ulikosa? Ukuta ni wa nyumba yako, nawe una haki ya kuutunza. Lakini ulimkataza mtoto kwa hasira wakati alipokuwa anamchora Bwana wetu msalabani, wala hukumpa mahali pengine pa kuchorea. Hapo, baba, tunadhani ulikosa. Kosa lenyewe si kubwa, na dawa yake iko mkononi mwako.

Mrudishie makaa. Vimebaki vituo vitatu tu: Yesu anakufa, anashushwa, anazikwa. Mwache avimalize, kisha Ijumaa jioni uwaite mama na watoto wote jikoni, msali Njia ya Msalaba mbele ya ukuta ule, nawe uongoze. Baadaye mnunulie daftari na penseli, mkubaliane kwamba kuta zilizobaki haziguswi. Na Majilio yatakapofika, mwagize achimbe udongo wa mfinyanzi pamoja na wadogo zake, wautoe vijiwe vyote, wafinyange pango la Noeli, na kulikausha kivulini ili lisipasuke. Jamaa nzima itakuwa na kazi, na Mtoto Yesu atakuwa na nyumba iliyofanywa kwa mikono yenu.

Kuhusu chokaa, tunakushauri umwulize mama wa nyumba. Jiko ni lake, naye amekwisha kukujibu.