USUBI ALIYEPANDA KAA

Msomaji mmoja wa Sotik auliza: akishuka mtoni Kipsonoi akaumwa na kile kidudu cheusi chenye kibiongo, kiitwacho usubi, je, aogope upofu wa mtoni, kama wazee walivyouogopa?

Swali hili ni la haki, walakini jibu lake lategemea ni usubi gani. Kwa macho matupu wote ni mamoja: weusi, wadogo, wenye mbawa pana, na jike ndiye anyonyaye damu. Sharti tuchukue kioo cha kukuzia. Simulium damnosum, aliyeeneza maradhi haya kando ya Mto Nile huko Uganda, miguu yake ya mbele ni bapa na mipana, ina manyoya kama kishungi, na miguu ya nyuma ina pete nyeupe. Simulium neavei, aliyekuwa adui wa Kenya, miguu yake ya mbele haikupanuka hivyo.

Basi, damnosum mabuu yake hushika mawe na majani penye maji yaendayo kasi, yakaonekana. Ya neavei yalitafutwa yasionekane. Mwaka wa 1946, Garnham na McMahon walitia DDT katika vijito vya Kodera, Nyanza, hali hawajayaona mabuu hayo hata mara moja. Na usubi wakatoweka! Mimi naliona jambo hili kuwa la ajabu kuliko yote: kumpiga adui usiyejua nyumba yake.

Nyumba ilijulikana baadaye. Mwaka wa 1950, van Someren na McMahon walitangaza ya kwamba mabuu ya neavei hukaa juu ya kaa wa mtoni, wakisafiri naye aendako. Na hapo palikuwa na mtego, maana wako usubi wengine wapandao wadudu wa majini. Mmoja ni Simulium lumbwanum, ambaye jina lake latokana na Lumbwa, yaani Kipkelion ya leo. Naye hajulikani kuwa mchukuzi wa upofu. Mtu asiye mwangalifu angaliweza kudhani amempata mkosaji, kumbe amemkamata jirani. Kwa hiyo wataalamu walihesabu hata nyuzi za kupumulia za bundo, kwani hesabu yake hutofautiana.

Tangu hapo kazi ilikuwa kukamata kaa na kumgeuza. Kaa akiwa na mabuu, mto hutiwa dawa. Akiwa safi kwa muda mrefu, mto umepona. Mwaka wa 1958 McMahon, Highton na Goiny walitoa taarifa ya kuangamizwa kwa neavei nchini Kenya. Waliokwisha kuambukizwa hawakupona siku ile, kwa kuwa mnyoo mkubwa huweza kuishi mwilini miaka 10 na zaidi.

Kwa hiyo, ndugu wa Sotik, aliyekuuma yamkini ni usubi mwingine. Mtie katika chupa yenye spiriti, umpeleke kwa afisa wa afya. Na ukimwona kaa, mtazame pia penye mashina ya miguu.