Nani Alisema Jaji Hazungumzwi?

Taarifa ya Ikulu hupenda kutoka jioni. Hapa Kisesa, hii yetu ya Magu kwenye barabara ya Musoma na siyo ile ya Meatu, hufika kijiweni kwetu kupitia simu ya kijana wa bodaboda. Anaisoma kwa sauti: Rais amewateua wafuatao kuwa Majaji wa Mahakama ya Rufani. Majina yanasomwa hadi la mwisho, na swali linalofuata halijawahi kubadilika: "Kuna wa kwetu humo?" Likishajibiwa, simu inarudi mfukoni na watu wanarudi kwenye bei ya pamba.

Siku moja niliuliza kama kuna aliyewahi kusoma hukumu hata moja ya hao walioteuliwa. Mzee mmoja, ambaye simpiti bila shikamoo, alinikatiza: "Kijana wangu, jaji hazungumzwi. Akiteuliwa unampa hongera, basi. Hayo mengine wakubwa wanajuana." Kijiwe kizima kiliitikia kwa vichwa. Nilikunywa kahawa yangu nikanyamaza, kwa sababu mzee habishiwi mbele za watu. Sasa nambishia hapa, kwa adabu zote, kwa kuwa imani hiyo imetugharimu kuliko tunavyojua.

Niseme kwanza kwa nini jaji wa Rufani anamhusu mtu wa Kisesa. Kesi ya ndoa huanzia chini, kwa hakimu tunayemjua hadi njia anayopita kurudi nyumbani. Inapanda Wilaya, inapanda Mahakama Kuu Mwanza, na ikiwa na hoja nzito ya kisheria inafika Rufani, kwa kawaida mbele ya watu watatu. Baada ya hao watatu hakuna ngazi nyingine nchini. Neno lao linashuka tena hadi kwa hakimu wetu, naye hana ruhusa ya kulipuuza. Oktoba 2019 Mahakama hiyo ilikubaliana na Mahakama Kuu kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vilivyoruhusu binti aolewe akiwa na miaka 15, au 14 kwa kibali cha mahakama, vinakiuka Katiba. Katika nchi ya ng'ombe wa mahari kama hii, nani aseme hayo ni ya wakubwa?

Sasa nije kwa jina ambalo Mwanza ingepaswa kulijua kama inavyojua jina la sangara. Agosti 1988, Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya kutoka Muleba, aliuza shamba la ukoo aliloachiwa na baba yake kwa wosia halali. Bei ilikuwa shilingi 300,000. Mtoto wa ndugu yake, Bernardo Ephrahim, akaenda mahakamani: kwa mila, mwanamke anaweza kulitumia shamba la ukoo lakini hawezi kuliuza. Mahakama ya Mwanzo ikampa kijana ushindi. Ya Wilaya ikampa mama. Shauri likaja Mahakama Kuu Mwanza, mezani kwa Jaji James Mwalusanya, na Februari 1990 akaamua kwamba mwanamke ana haki ya kuuza shamba la ukoo sawasawa na mwanamume. Hakuitupa mila shimoni. Alisema mwanaukoo anayelitaka shamba alikomboe kwa kumrudishia mnunuzi pesa yake, kama ambavyo angefanya kama muuzaji angekuwa mwanamume. Alichokifuta ni ule ubaguzi tu, akitumia Haki za Binadamu zilizoingizwa kwenye Katiba mwaka 1984 na mikataba ambayo nchi ilikuwa imeisaini.

Hukumu hiyo inafundishwa vyuo vikuu vya sheria mbali na hapa. Waulize wauza dagaa wa soko letu, ambao wengi ni wanawake wenye viwanja vyao, kama wamewahi kulisikia jina la Mwalusanya.

Mwaka 1994, akiwa Dodoma, jaji huyo huyo alitamka kwamba adhabu ya kifo inakiuka Katiba. Serikali ikakata rufaa. Januari 1995 majaji watatu wa Rufani walikubaliana naye kwamba adhabu hiyo ni ya kikatili na inamdhalilisha binadamu, halafu wakasema Katiba inairuhusu ibaki hata hivyo. Mtu anaweza kuwaunga mkono au kuwapinga, mimi nawapinga. Ila hakuna anayeweza kusoma kesi hiyo kisha akasema kwamba haijalishi nani amekaa kwenye viti vile vitatu.

Mwalusanya hakupanda huko. Alistaafu akiwa Jaji wa Mahakama Kuu. Katiba yetu, ibara ya 118, inasema Majaji wa Rufani huteuliwa na Rais baada ya kushauriana na Jaji Mkuu. Mashauriano hayo ni ya faragha, haitangazwi nani alifikiriwa wala nani aliachwa, kwa hiyo siwezi kumtuhumu mtu yeyote kuhusu Mwalusanya. Ninaoweza kuwatuhumu ni sisi. Jaji alikaa Mwanza, akaandika mambo ambayo yaliigusa kila nyumba yenye binti na shamba, na sisi majirani wa mahakama yake hatukuinua hata kidole kusema: huyu apandishwe. Tulikuwa tunaitunza heshima ya mahakama kwa kukaa kimya.

Wanaotetea ukimya huo wana hoja moja ambayo siidharau. Wanasema jaji akianza kupigiwa debe atawatazama wapiga debe anapoandika hukumu. Tena watanikumbusha sikukuu ya ngoma ya Bulabo, pale Bujora, kila Juni: wachezaji wa vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu wanacheza, na anayevuta umati mkubwa ndiye mshindi. Mganga wake akiwa hodari, umati unamfuata. Je, nataka majaji wapatikane hivyo? Sitaki. Marekani nako wamevuka mpaka. Jaji wa rufani wa shirikisho anapigiwa kura na Seneti, na mara nyingi kura zinafuata chama kuliko zinavyofuata hukumu zake. Lakini kati ya umati wa Bulabo na mlango uliofungwa kuna uwanja mpana, na majirani zetu wameshaukanyaga.

Kenya, chini ya Katiba ya 2010, anayeomba ujaji wa Rufani huhojiwa na Tume ya Utumishi wa Mahakama hadharani, runinga zikionyesha. Mwaka 2019 Tume ilipeleka kwa Rais Uhuru Kenyatta majina 41, kati yake 11 ya Mahakama ya Rufani. Majina yalikaa. Mei 2021 jopo la majaji watano wa Mahakama Kuu, George Odunga na Joel Ngugi wakiwemo, likaubomoa mpango wa kubadili Katiba uliojulikana kama BBI, ambao Rais aliupenda mno. Wiki tatu baadaye Rais aliwateua wengi wa waliopendekezwa na kuwaacha sita. Odunga na Ngugi walikuwa miongoni mwa hao sita. Hapo ndipo ninapotaka mzee wangu anisikilize. Wakenya waliwasimamia watu hao kwa majina. Mawakili walilalamika, kesi zilifunguliwa, na mtu wa kawaida Kisumu angeweza kukueleza Odunga ameamua nini na lini. Septemba 14, 2022, siku moja baada ya William Ruto kuapishwa, wale sita nao waliapishwa. Sijasikia kwamba Odunga alipoteza uhuru wake kwa sababu raia walimtetea. Aliyetaka kuubana uhuru huo alikuwa mwenye kalamu ya uteuzi, na sauti ya watu ndiyo iliyomkatalia.

Halafu sisi wenyewe tuna mfano wetu, hapa hapa kando ya Ziwa. Jaji Zephrine Galeba wa Mahakama Kuu Musoma aliandika uamuzi wa shauri la mgodi wa North Mara kwa Kiswahili, wakati Mahakama Kuu ilikuwa bado inaandika kwa Kiingereza. Februari 1, 2021, Siku ya Sheria, Rais Magufuli alimtaja jukwaani Dodoma, akamsifu kwa uamuzi huo na kumpandisha kuwa Jaji wa Rufani. Mwaka huo huo sheria ikabadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama.

Wapo mawakili waliosonya, kwamba sasa ujaji unatolewa kwa kumfurahisha mkubwa. Mimi niliufurahia uteuzi ule na bado naufurahia. Mtu anayeshindwa kesi ana haki ya kujua ameshindwa kwa nini bila kumlipa mkalimani, na jaji aliyeliona hilo kabla sheria haijamlazimisha anafaa kukaa juu. Lililonikera ni jingine. Rais alimpima jaji hadharani, kwa hukumu aliyoandika, na mbingu hazikuanguka. Sasa kama mtu mmoja anaruhusiwa kusema "huyu anafaa kwa sababu aliandika hivi," mimi na muuza dagaa tunakatazwa na nani?

Sidai makubwa. Majina ya wanaofikiriwa yatangazwe wiki chache kabla ya uteuzi, ili mwenye la kusema aliandike na kulitia sahihi. Hukumu zao nyingi tayari zipo kwenye mtandao wa TanzLII, bure, anayetaka anazifungua kwa simu ile ile inayosoma taarifa ya Ikulu. Jaji Mkuu ashauriane na Rais kama Katiba inavyotaka, ila awe amesoma na barua ya mtu wa Kisesa. Na swali letu la "wa kwetu" tuliache. Mwalusanya hakumpa Holaria haki yake kwa kuwa ni jirani au ni wa kabila fulani, na binti wa Kisukuma hapa Kisesa anaufaidi uamuzi wake mpaka leo.

Juzi nilichapisha uamuzi mmoja wa Kiswahili pale steshenari, kurasa kumi na kitu, nikampelekea mzee. Alivaa miwani, akasoma polepole huku kahawa ikipoa. Kwenye ukurasa wa tatu aliweka kidole na kunitazama juu ya miwani.

"Hapa," akasema, "mimi na huyu jaji hatuelewani kabisa." Na akaanza kueleza kwa nini.