Mfanyabiashara apime pia uzito wa mtoto wake

Saa kumi na moja alfajiri, mama mwenye kibanda katika soko la Owino, Kampala, ameshatoka nyumbani. Baba yuko njiani na mzigo wa kwenda Busia. Mtoto wa miaka mitatu amebaki na msichana wa kazi, pesa kidogo ya matumizi na televisheni. Asubuhi hunywa chai yenye sukari nyingi kwa mandazi, mchana hununuliwa chipsi, na usiku mzazi hurudi na soda na biskuti za kumfurahisha.

Mazoea hayo humjaza mtoto bila kumjenga. Mmoja hunenepa kupita kiasi. Mwingine hudhoofu, kwa kuwa tumbo lililojaa chai na mandazi halina nafasi ya maharage wala yai. Utafiti wa kitaifa wa afya wa Uganda wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 walio chini ya miaka mitano, 29 walikuwa wamedumaa na 4 walikuwa na uzito uliozidi.

Hata hivyo, mashavu manene bado huchukuliwa kuwa dalili kwamba biashara inakwenda vizuri, na mtoto mwembamba huambiwa amerithi. Mfanyabiashara huyo huyo hawezi kununua gunia la maharage kwa kulikadiria kwa macho. Huliweka kwenye mizani kwanza.

Wapo watakaosema kwamba safari za mpakani haziachi nafasi ya kusimamia jiko. Ni kweli, lakini duka nalo huachwa, na huachwa kwa maagizo: bei ni hii, fulani asikopeshwe. Nyumba nayo iachiwe maagizo. Mtoto apate uji wenye unga wa mukene, yai, maharage, mboga ya dodo na tunda. Anywe maji, kwani soda ndogo ya mililita 300 hubeba gramu 30 hivi za sukari, sawa na vijiko vya chai saba. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miaka mitatu asikae mbele ya skrini zaidi ya saa moja kwa siku, na achezecheze kwa jumla ya saa tatu.

Mayai, maharage na mukene si vitu vya kutafuta mbali. Malori huvivusha kutoka Uganda kwenda kuuzwa Kenya, Kongo na Sudan Kusini, na wanaoyapakia ndio wazazi wenyewe.

Kila Aprili na Oktoba, vituo vya afya vya Uganda hutoa vitamini A na dawa za minyoo kwa watoto. Mzazi aliyeacha kwenda kliniki chanjo zilipokwisha aitumie siku hiyo kumpima mtoto uzito na urefu, na asome kadi yake kwa makini kama asomavyo daftari la madeni.