Besi, besi, besi... mpaka lini?

Wadau, leo naombeni niseme, maana nikinyamaza nitapasuka.

Mwezi uliopita niliingia duka moja Kariakoo kutafuta hedifoni. Nikamwambia kijana wa pale kwamba nasikiliza klasiki: okestra, piano, fidla. Akacheka, akanivalisha dude kubwa jekundu, akapiga bongofleva: "Unaisikia besi hiyo, braza?" Niliisikia. Sh80,000 zikanitoka. (Mwandishi wa habari mzima, kazi yangu kuuliza maswali, sikuuliza hata moja!)

Usiku nikaweka Simfonia ya 9 ya Beethoven, ile ya mwaka 1824. Wanaoijua wanafahamu kwamba katika sehemu ya mwisho ule wimbo mashuhuri hauanzi na kwaya. Unaanza na selo na kontrabesi peke yake, kwa sauti ya chini kabisa. Kisha viola zinaingia, na basuni inapita pembeni na njia yake yenyewe. Hiyo basuni ndiyo ninayoisubiri kila mara. Safari hii sikuipata. Kontrabesi zilinguruma kama jenereta la jirani, basuni imefukiwa humo humo.

Halafu mtu huyo huyo atakwambia klasiki inachosha! Atapataje ladha wakati nusu ya wapigaji wamezibwa mdomo?

Na nyie wataalamu wetu wa mjini, wa "bila Sennheiser HD 600 hujasikia kitu", nanyi mna lenu. Sikatai, hedifoni ile ya mwaka 1997 ni nzuri, mgongo wake uko wazi, okestra inapata nafasi ya kupumua. Lakini uwazi huo huo unaingiza kelele za nje na kutoa muziki wako. Tena ni ya omu 300, simu nyingi zinaisukuma kwa taabu. Mimi ninayesikilizia kwenye daladala la Mbagala inanisaidia nini?

Na humo kwenye daladala ndimo kwenye hatari. Tchaikovsky, katika Simfonia ya 6 (1893), kuna mahali aliandika alama ya p, ile ya sauti ndogo, mara sita mfululizo. Kinachofuata ni mlipuko wa okestra nzima. Wewe kwa sababu ya kelele za konda umeshapandisha sauti ili uzisikie hizo p sita, mlipuko unakukuta hukohuko juu. WHO wanasema desibeli 80 zisizidi saa 40 kwa wiki. Masikio hayana spea, jamani.

Kwa hiyo safarini vaa inayoziba sikio sawasawa au inayozima kelele, ya wazi ibaki chumbani usiku. Na dukani nenda na muziki wako mwenyewe kwenye simu, usikubali kupigiwa wa muuzaji. Basuni isiposikika, vua, mrudishie.

Ile nyekundu nimempa mdogo wangu. Anasikilizia singeli, na anasema tangu azaliwe sijawahi kumpa kitu kizuri kama hicho.