Simu nayo ibishiwe hodi

SIFA zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, Oktoba 13, 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilitoa taarifa kwa umma ikiwataka watu na makampuni wanaohitaji VPN katika shughuli zao wajiandikishe kabla ya Oktoba 30 mwaka huo. VPN, kwa asiyeijua, ni programu inayofunika njia ya mawasiliano, hata anayechungulia katikati asione mtu anaelekea wapi. Taarifa hiyo ilikumbusha kwamba kwa Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2020, anayetumia njia hiyo kufikia yaliyokatazwa hutozwa faini isiyopungua shilingi milioni 5, au hufungwa si chini ya miezi 12, au vyote pamoja.

Wengi walidhani hayo ni ya wanasiasa na waandishi wa habari. Sisi tunaona yanamhusu pia mama wa Mbagala anayemweleza maradhi yake mwanawe aliyeko Muscat, na binti wa Mwananyamala anayemuuliza shehe suala la talaka ambalo hawezi kulitamka mbele za watu. Ujumbe wao wa WhatsApp husafiri umefungwa kwa kufuli ambalo ufunguo wake wanao wao wawili tu. Anayezoea kukuuliza kwa nini umeweka pazia, hatachelewa kukuuliza kwa nini umefunga mlango.

Katika Surat An-Nur, aya ya 27, tumeamrishwa kuomba ruhusa kabla ya kuingia nyumba za watu. Na katika hadithi ya Sahl bin Saad (R.A.), iliyomo ndani ya Bukhari na Muslim, mtu mmoja alichungulia kwenye tundu la mlango wa Mtume (S.A.W.), naye alikuwa na kichanuo mkononi. Mtume alimwambia kwamba lau angalijua anachunguliwa, angalimchoma nacho jicho, kwani kuomba ruhusa kumewekwa kwa sababu ya jicho. Tuzingatie: mtu yule hakuingia ndani, hakuiba kitu. Alitazama tu.

Surat Al-Hujurat, aya ya 12, nayo imeharamisha kupelelezana, wala haikumtoa mtawala. Imesimuliwa kwamba Sayyidna Umar (R.A.), akiwa Khalifa, alipanda ukuta wa nyumba usiku akamkuta mtu katika maasi. Mtu yule alimjibu kwamba yeye ameasi kwa jambo moja, lakini Khalifa ameasi kwa matatu: amepeleleza, hakupita mlangoni, na ameingia bila ruhusa wala salamu. Umar akamwacha.

Je, wahalifu wasitafutwe? Hatusemi hivyo. Wazee wetu wa Temeke wanawajua vyema matapeli wa "tuma kwa namba hii". Lakini Imam Al-Mawardi, aliyefariki mwaka 1058, katika Al-Ahkaam As-Sultaaniyyah alimruhusu msimamizi wa maadili kupeleleza pale tu anapoletewa habari na mtu mwaminifu kuhusu ovu lisiloweza kurekebishwa likishatendeka, mfano mauaji. Hapo pana mtuhumiwa, pana habari ya kuaminika, pana madhara makubwa. Kuorodhesha kila mwenye pazia ni jambo jingine kabisa.

Na sisi tusijifanye wasafi. Talaka ngapi za mitaani mwetu zimeanza na simu iliyofunguliwa mwenyewe akiwa usingizini? Vijana wangapi wamesambaza picha za faragha kwenye makundi yao, kisha wakaenda msikitini?

Katiba yetu, ibara ya 16, inalinda faragha ya mtu, familia yake na mawasiliano yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, miezi mitano tu kabla ya taarifa ile ya TCRA. Hata hivyo, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, katika kifungu cha 32, ilimpa mkuu wa kituo cha polisi uwezo wa kuamuru taarifa za mtu zitolewe kwa ajili ya upelelezi. Tunawaomba waheshimiwa wabunge amri ya namna hiyo itoke kwa hakimu, imtaje mtu kwa jina na tuhuma yake, na kujisitiri peke yake kusihesabiwe kosa.

Wabillahi Tawfiq.