Shamba na Bustani: Utando Juu ya Nyanya

Wakati wa kiangazi, katika mashamba ya Mwea, Loitokitok na Taveta, mkulima huweza kukuta ncha za minyanya yake zimefunikwa utando mweupe, mwembamba kama shashi. Mara nyingi hukimbilia dukani akanunua dawa ya wadudu, iwayo yote. Baada ya majuma mawili shamba huwa baya kuliko kwanza, na fedha zimekwisha.

Kabla ya kutia mkono mfukoni, yafaa kumjua mfumaji. Buibui wa kawaida hutega wavu wake kati ya matawi ili anase nzi. Huyo ni mlinzi asiyedai mshahara, naye aachwe. Kiwavi huyakunja majani na kuyafunga kwa nyuzi. Ukiyafungua utamkuta ndani pamoja na mavi yake, nawe waweza kumwokota kwa mkono. Mfumaji wa tatu ndiye adui mkubwa, yaani utitiri mwekundu. Huu ni jamaa ya buibui na kupe, una miguu minane, na urefu wake ni kama nusu milimita tu.

Utando wenyewe huja mwisho. Kwanza jani huwa na vitone vidogo vya manjano, kisha hugeuka rangi ya shaba na kukauka kama lililopitiwa na moto, hata wengine hudhani ni ugonjwa au kiu. Chukua karatasi nyeupe (ya ofisini yafaa sana, mradi isiwe ya Serikali), ulikung'ute jani juu yake, ungoje kidogo. Vumbi halitembei. Ukiona vitone vyekundu vikitambaa, umekwisha kupata jibu.

Aina moja mbaya sana, iitwayo Tetranychus evansi, ilitoka Amerika ya Kusini. Ilionekana Zimbabwe mwaka 1979, na Kenya mwaka 2001. Katika joto kali huweza kutimiza kizazi kizima kwa majuma mawili au pungufu, ndiyo sababu shamba lililokuwa zima Jumapili laweza kuharibika kabla ya mwisho wa mwezi.

Sasa, kwa nini dawa ya duka huongeza balaa? Jambo hili lilijulikana zamani. Baada ya 1945, D.D.T. ilipoenea katika mashamba ya matunda ya Marekani na Ulaya, utitiri ulizidi badala ya kupungua, kwa kuwa dawa iliua wadudu waliokuwa wakiula. Dawa nyingi za viwandani zilizofanyizwa kwa mfano wa pareto huleta madhara hayo hayo. Mwenye duka hana kosa akikuuzia ulichoomba. Basi omba dawa ya utitiri kwa jina lake.

Salfa ni dawa ya kale na bado yafaa, lakini isipigwe jua likiwa kali, wala karibu na siku za kupiga dawa ya mafuta, maana itaunguza majani. Abamektini ina nguvu, ila ikitumiwa peke yake kila mara utitiri huizoea. Ibadilishe na dawa ya jamii nyingine, ukishika siku za kungojea kabla ya kuchuma kama zilivyoandikwa kwenye chupa. Dawa yo yote ipigwe chini ya jani, ambako utitiri hukaa. Anayenyunyiza juu tu anaosha majani. Na kwa kuwa mayai mengi husalia, rudi na karatasi yako baada ya siku tano hivi.

Mche uliokwisha kufunikwa kabisa ung'olewe, utiwe katika mfuko papo hapo, ukachomwe. Usiuburute kupita katikati ya mistari. Mnavu pia, ambao wengine huuita managu, ni makao ya utitiri huo. Najua kina mama hawatapenda kusikia hayo, kwa kuwa ni mboga nzuri na yenye soko; basi upandwe mbali na nyanya. Na mahali palipoambukizwa pafanyiwe kazi mwisho wa siku, kwa maana utitiri hushika nguo.